Wimbo Ukirudiwa, Somo Hubaki Wapi? Nyimbo za Elimu za Televisheni ya Watoto na Masikio ya Katogota

1.0 Utangulizi

Nyimbo za kufundishia watoto ni mali kongwe ya fasihi simulizi. Kabla ya darasa na ubao, mtoto alijifunza kuhesabu kwa michezo ya vidole, akajua majina ya ndugu na ya wanyama kwa kuimba pamoja na wenzake. Televisheni ilipoingia katika kazi hiyo ilifanya mambo mawili mapya. Kwanza, iliufunga wimbo na picha. Pili, iliwapa watoto wa nchi nzima wimbo uleule, kwa sauti ileile, siku ileile. Kutokana na hayo kilizaliwa kizazi cha watu wazima ambao kumbukumbu yao ya pamoja ya utoto ni wimbo wa jedwali la kuzidisha au wimbo wa herufi. Baadhi ya watu hao wakawa wanamuziki, nao wakaanza kuziimba upya nyimbo hizo.

Nyimbo zilizorudiwa kwa namna hii huhakikiwa mara nyingi kwa kigezo cha muziki peke yake: sauti, ala, mdundo. Kigezo hicho hakitoshi, kwa sababu wimbo wa elimu una dhima nyingine iliyo nje ya burudani. Makala haya yanauliza swali moja: wimbo wa kufundisha unapopewa sauti mpya, somo lake hubaki wapi? Dai linalotetewa ni kwamba kurudiwa ni mtihani wa wimbo. Somo lililokaa katika maneno na mizani huvuka. Somo lililokaa katika picha, au katika bahati ya lugha moja, hubaki nyuma, na kinachovuka huwa ni lahani tupu.

Swali hili linaweza kuonekana kuwa la nchi zenye televisheni nyingi. Kwa hakika linaihusu Katogota, kijiji cha bonde la Ruzizi katika teritware ya Uvira, kuliko linavyoihusu New York, kama itakavyoonekana katika sehemu ya tano.

2.0 Wimbo mmoja, warithi watatu

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David McCall, mwenye kampuni ya matangazo ya biashara mjini New York, aliona kwamba mwanawe hakuweza kushika jedwali la kuzidisha, ilhali maneno ya nyimbo za roki aliyakariri bila shida. Bob Dorough, mwanamuziki wa jazi, akaombwa atunge nyimbo za kuzidisha. Hapo ndipo ulipopatikana mfululizo wa katuni fupi ulioitwa Schoolhouse Rock!, ulioanza kuonyeshwa na televisheni ya ABC mwezi Januari 1973. Baada ya hesabu zilifuata sarufi, historia na sayansi.

Wimbo wa kwanza wa Dorough, Three Is a Magic Number, ulihusu kuzidisha kwa tatu. Ufundi wake uko katika mpangilio. Hauanzi na jedwali. Huanza na vitu vinavyokuja kwa tatu: pembe za pembetatu, miguu inayotosha kuisimamisha meza. Mtoto hupewa kwanza maana ya tatu, kisha huletewa hesabu ya tatu tatu hadi thelathini. Kwa istilahi za uhakiki, maudhui yametangulia kariri, na kariri imepata mahali pa kukaa.

Wimbo huu umepata warithi watatu wanaostahili kulinganishwa. Wa kwanza ni The Magic Number wa kikundi cha De La Soul, katika albamu ya mwaka 1989. Vijana hao watatu walichukua kiini cha wimbo wa utotoni wakakifanya kuwa sifa ya kikundi chao: tatu ni idadi yao wenyewe. Jedwali halifundishwi tena. Huu ni urithi halali wa kisanaa, unaofanana na mwimbaji wa ngoma anayechukua kibwagizo cha wazee akakitia majigambo ya rika lake. Hata hivyo, kama somo, wimbo umekwisha.

Wa pili ni toleo la Blind Melon katika albamu ya Schoolhouse Rock! Rocks ya mwaka 1996, ambamo wanamuziki na bendi kama Moby, Pavement, Skee-Lo na Biz Markie waliziimba upya nyimbo za mfululizo huo. Toleo hili kwa sehemu kubwa linamfuata Dorough. Mabadiliko yako katika hadhira. Msikilizaji wa mwaka 1996 aliyenunua albamu hiyo alikwisha kujua kuzidisha kwa tatu tangu zamani, na alichonunua ni Jumamosi asubuhi za utoto wake. Albamu haina katuni, lakini msikilizaji anayo kichwani. Kwa hiyo toleo hili linathibitisha kwamba somo lilifika, ila lenyewe halimfundishi mtu.

Wa tatu ni The 3 R's wa Jack Johnson, uliotolewa mwaka 2006 pamoja na filamu ya katuni ya Curious George. Johnson alibadili somo: badala ya kuzidisha, alifundisha utunzaji wa mazingira kwa vitenzi vitatu ambavyo kwa Kiingereza vyote huanza na herufi R, yaani kupunguza matumizi, kutumia tena na kuchakata upya. Anafika kwenye herufi hiyo kwa hesabu: mbili mara tatu ni sita, sita mara tatu ni kumi na nane, na R ni herufi ya kumi na nane katika alfabeti ya Kiingereza. Miongoni mwa warithi watatu, huyu ndiye aliyeielewa kazi ya Dorough kwa undani zaidi, kwa sababu kuzidisha kumetumika kama ngazi ya kufikia somo jipya.

Hata hivyo wimbo huu ndio usiotafsirika kuliko yote. Katika Kiswahili, vitenzi punguza, tumia tena na chakata haviungani kwa herufi ya mwanzo. Hesabu nayo inaharibika. Alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X, hivyo R inakuwa ya kumi na saba, namba ambayo haigawanyiki kwa tatu. Mfasiri atabaki na gitaa na lahani, na kila kiungo cha hoja kitakuwa kimekatika. Uzuri wa wimbo katika lugha yake umekuwa kizuizi nje ya lugha hiyo.

Njia ya kinyume nayo ipo, na inafaa kutajwa kwa kifupi. Mwaka 2008 mwimbaji Feist wa Kanada aliuimba wimbo wake 1234, uliotoka mwaka 2007 kwa ajili ya watu wazima, katika kipindi cha watoto cha Sesame Street, ukiwa umepewa maneno mapya ya kuhesabu hadi nne. Ulifaulu kwa sababu hesabu ilikuwa tayari ndani ya mizani yake, na mtunzi alihitaji tu kuiacha isikike.

3.0 Lahani ya herufi

Wimbo wa elimu uliorudiwa kuliko wote pengine ni wa herufi. Lahani yake ilichapishwa Ufaransa mwaka 1761, na wimbo wa alfabeti ya Kiingereza kwa lahani hiyo ulisajiliwa Boston mwaka 1835. Televisheni za watoto ziliukuta ukiwa mkongwe, zikaurudia kwa mitindo isiyohesabika.

Mhakiki wa isimu hana budi kuuliza kwa nini lahani hii imeishikilia alfabeti ya Kiingereza kwa muda wote huo. Jibu liko katika vina. Kwa matamshi ya Marekani, majina ya herufi B, C, D, E, G, P, T, V na Z huishia kwa irabu moja. Mistari ya wimbo hukatwa mahali ambapo kina hicho hupatikana. Alfabeti imekuwa shairi kwa bahati. Hata mpaka mdogo wa lahaja unatosha kuivunja bahati hiyo: Mwingereza anayeiita herufi ya mwisho zed hukosa kina cha kufungia. Mtoto wa Kongo anayefundishwa majina ya Kifaransa hupata gé, pé na vé, kisha hujikwaa kwenye zède.

Wimbo huo unaporudiwa kwa Kiswahili, kosa huwa kubwa zaidi ya kukosa kina. Kiswahili hakisomwi kwa majina ya herufi. Husomwa kwa silabi, na irabu zake tano hazibadiliki sauti. Mtoto aliyeshika a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, anaweza kulisoma neno baba siku hiyohiyo. Mtoto aliyeshika bii na ei kwa lahani tamu hawezi kulipata baba kwa kuyaunganisha majina hayo. Wimbo umemfurahisha na kumchelewesha kwa wakati mmoja. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeimbisha silabi ubaoni bila ala yoyote anafanya kazi iliyo karibu zaidi na sarufi ya lugha kuliko toleo lolote la kisasa la wimbo wa Boston.

Kosa la namna hii hudumu. Katika wimbo wa Schoolhouse Rock! wa mwaka 1975 kuhusu utangulizi wa katiba ya Marekani, maneno yanayoitaja Marekani katika sentensi ya kwanza yaliachwa nje, na watoto waliokariri wimbo wakakariri utangulizi wenye pengo. Nguvu ileile inayolifanya somo lisisahaulike hulifanya kosa nalo lisisahaulike. Ndiyo maana uhakiki wa nyimbo hizi si anasa.

4.0 Ubongo Kids na Akili and Me

Katika Afrika ya Mashariki, kazi iliyofika mbali zaidi katika uwanja huu ni ile ya Ubongo ya Dar es Salaam. Katuni ya Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa nchini Tanzania mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Akili and Me, ya watoto wadogo zaidi, ilifuata mwaka 2016. Tofauti yake na tafsiri za vipindi vya kigeni ni ya msingi. Nyimbo zake zilitungwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na midundo yake iko karibu na muziki wa vijana wa Tanzania. Mizani imetoka katika lugha, haikushonewa lahani iliyokwisha kukatwa kwa kipimo cha lugha nyingine.

Sifa hiyo isizuie swali. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 2014 amekwisha kuwa mtu mzima. Hamu ya utoto ambayo Marekani ilizaa albamu ya mwaka 1996 itazaa na huku nyimbo za kurudiwa, za kwaya, za bendi, za vijana wa studio ndogo. Ni zipi katika nyimbo hizi zitakazovuka zikiwa na masomo yake?

Kigezo kinapatikana katika viashiria. Wimbo unaotegemea maneno kama hii, hapa, angalia na vile umekabidhi somo lake kwa picha. Picha ikiondolewa, kiashiria hubaki bila kinachoashiriwa, na msikilizaji huambiwa aangalie kitu ambacho hakipo. Wimbo unaotaja kitu kwa jina lake, ukasema idadi yake na uhusiano wake na kingine, unajitosheleza. Vipindi vya Ubongo hutayarishwa kwa redio pia, hivyo watayarishaji wake wanalijua tatizo hili. Mrudiaji wa kesho, atakayeuchukua wimbo wa televisheni na kuupeleka kwenye spika, atalazimika kulijua naye.

5.0 Masikio ya Katogota

Katogota iko kwenye barabara ya taifa namba 5, inayounganisha Uvira na Bukavu kupitia Kamanyola. Watu wake huzungumza Kifuliiru na Kirundi nyumbani, hutumia Kiswahili sokoni na barabarani, na watoto wao huingia shule ambayo kwa muda mrefu imefikiri kwa Kifaransa, ingawa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi katika kufundishia. Katika bonde hilo, wimbo wa mtoto hufika kwa sauti kabla ya picha, na mara nyingi bila picha kabisa: kwa redio, kwa spika ya duka, kwa mdomo wa mtoto mwingine aliyetoka mjini. Kwa hiyo hali ambayo kwa msikilizaji wa New York ilikuwa ya pekee, yaani kuusikia wimbo wa katuni bila katuni, kwa Katogota ndiyo ya kawaida. Kila wimbo unaofika huko umekwisha kurudiwa.

Tena hamu ya utoto, ambayo ndiyo soko la nyimbo zilizorudiwa, hudhani kwamba utoto ulikuwa mtulivu na ulikuwa na kioo cha kutazama. Waliokuwa watoto Katogota mwaka 2000 wanaukumbuka usiku wa tarehe 14 Mei mwaka huo, usiku wa mauaji ya raia kijijini humo. Mwaka 2025 mapigano yalifika tena katika bonde la Ruzizi. Mtoto ambaye shule yake inaweza kufungwa wakati wowote ana haja ya somo linaloweza kubebwa kichwani bila daftari. Kwake, swali la mahali somo linapokaa ndani ya wimbo ni swali la kama atajua kuzidisha au hatajua.

Basi tujaalie kwamba wimbo wa tatu unarudiwa kwa ajili ya mtoto huyo. Pa kuanzia pako tayari: mafiga. Methali husema jifya moja haliinjiki chungu, na kila jikoni mtoto ameona mawe matatu yakifanya kazi ambayo mawili hayawezi. Hili linatimiza lile lililofanywa na Dorough kwa meza na pembetatu, bila kuazima kitu.

Kisha huja hesabu yenyewe, na hapa Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina hazina ambayo Kiswahili sanifu kimeipoteza kwa sehemu. Mtoto wa bonde hasemi ishirini wala thelathini. Husema makumi mbili na makumi tatu. Maneno ya Kiarabu ishirini na thelathini huficha hesabu, kama trente ya Kifaransa inavyoificha. Makumi tatu huitamka wazi: kumi, mara tatu. Kirundi cha jirani hufanya vilevile kinaposema mirongo itatu. Mtoto huyu anazidisha kila anapohesabu, ingawa hakuna aliyemwambia.

Ukihesabiwa mizani, mfululizo wa tatu katika Kiswahili hicho unashangaza. Tatu, sita, tisa zina silabi mbili mbili. Kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane zina silabi tano tano. Makumi mbili na moja, makumi mbili na ine, makumi mbili na saba zina silabi nane nane. Mbili, tano, nane: kila kundi linaongezeka kwa silabi tatu juu ya lililotangulia, nalo kila kundi lina namba tatu. Kisha makumi tatu, kwa silabi tano, hufunga. Jedwali la tatu limejipanga lenyewe katika mishororo mitatu na kituo, na urefu wa mishororo hiyo hupanda kwa tatu. Katika Kiswahili sanifu makundi hayo yana silabi mbili, tano na saba, na thelathini ina nne. Yanaimbika, ila hayana ulinganifu huo.

Hii ni bahati, kama alfabeti ya Kiingereza kupata kina. Lakini ni bahati ya mtoto wa Uvira, na hakuna tafsiri ya kipindi cha kigeni wala cha Dar es Salaam itakayoigundua. Itagunduliwa na mtunzi anayesikiliza jinsi watoto wa mahali wanavyohesabu.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza litatoka kwa walimu wa Kiswahili sanifu. Makumi mbili ina kosa la upatanisho wa kisarufi, kwani ngeli inadai makumi mawili, na mtoto atahitaji ishirini katika vitabu. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Tena upatanisho ukirekebishwa, makumi mawili na moja huwa na silabi tisa na ngazi huvunjika. Jibu ni kutenganisha masomo. Wimbo wa kuzidisha unafundisha kuzidisha. Mtoto akishaishika hesabu kwa makumi tatu, ubeti wa pili unaweza kumpa thelathini kama jina jingine la kitu anachokijua. Kumpa jina kabla ya kitu ni kumrudisha kwenye kariri tupu.

Pingamizi la pili ni la wanamuziki: kwamba wimbo uliorudiwa una haki ya kuwa burudani, na kwamba De La Soul hawakuahidi kumfundisha mtu hesabu. Ni kweli. Uhakiki huu haudai kila wimbo uliorudiwa uwe darasa. Unadai tu kwamba wimbo unaotangazwa kuwa wa elimu, ukapelekwa shuleni kwa sababu lahani yake inapendwa, upimwe kwa somo lake.

7.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kurudiwa hufichua kilichokuwa kimefichwa na picha na mazoea. Wimbo wa Dorough ulivuka kwa kuwa hoja yake ilikuwa katika maneno. Wimbo wa Johnson, pamoja na ubora wake, umefungwa na herufi za Kiingereza. Wimbo wa alfabeti huvuka mipaka yote bila kubeba chochote kwa msomaji wa Kiswahili. Nyimbo za Ubongo zimefungua njia kwa kuanzia ndani ya lugha, na zitapimwa zitakapoimbwa bila katuni.

Kwa idara za Kiswahili za vyuo vya ukanda wa ziwa, kazi inayofuata ni ya uwandani na haihitaji mitambo: kukusanya namna watoto wa Katogota, Luvungi, Sange na Kiliba wanavyohesabu, wanavyotaja silabi na wanavyoimba mchezoni, kisha kuwapa watunzi mkusanyo huo. Nyimbo zitarudiwa kwa vyovyote. Zikirudiwa kutoka katika hazina hiyo, mtoto anayezisikia kwenye spika ya duka, bila picha, atabaki na lahani pamoja na jedwali la tatu.